Amri Ambazo Mwongozo Haukuzitaja

Mwaka 1975 kampuni ya MOS Technology ya Marekani ilianza kuuza maikroprosesa iitwayo 6502 kwa dola 25. Bei hiyo iliwashtua washindani wake, Intel na Motorola, waliokuwa wakidai mamia ya dola kwa chipu moja ya kiwango hicho. Mwongozo wa kiwanda ulitaja amri 151 ambazo 6502 iliweza kuzitekeleza. Lakini kila amri ya chipu hiyo huanza na baiti moja, na baiti moja ina hali 256. Zilibaki 105, na juu ya hizo mwongozo haukusema neno.

Chipu haina uwezo wa kunyamaza kama mwongozo. Ikipewa baiti isiyotajwa, 6502 haina mahali pa kuuliza wala utaratibu wa kukataa. Saa yake inapiga, transista zake zinafunguka na kufungwa, na jambo fulani linatendeka. Mara nyingine jambo hilo lina manufaa, mara nyingine halina maana yoyote, na mara nyingine mashine inaganda hadi iwashwe upya. Makala haya yanahusu amri hizo. Yanawahusu pia watu waliopokea mashine bila mwongozo kabisa, yaani sisi.

Ninaposema sisi nina maana ya pwani ya kusini, Mtwara hadi mlango wa Ruvuma, ingawa mtu wa Tanga au Mombasa atajiona humo pia. 6502 ilifika kwetu kwa mzunguko. Mwaka 1983 Nintendo ilitoa mashine ya gemu iitwayo Famicom huko Japani. Kiini chake kilikuwa chipu ya Ricoh, 2A03, ambayo ndani yake ni 6502 iliyoondolewa uwezo wa kufanya hesabu za desimali. Viwanda vya Taiwan na China vikainakili mashine hiyo, na nakala zake zikasambaa dunia nzima pamoja na kaseti zilizodai kubeba mamia ya gemu. Zilifika katika miji ya pwani yetu, Mtwara ikiwamo. Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1994, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar, kwa hiyo katika nyumba nyingi runinga na gemu vilikuja karibu pamoja. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 kule Rufiji, masika yakikolea barabara ya Dar es Salaam hadi Mtwara ilikatika, na bidhaa zikasubiri meli au kiangazi. Mashine iliyopitia safari hiyo, kutoka kiwanda kisichojulikana hadi kaunta ya duka la Mtwara, ilifika na boksi lenye picha nyingi na maelezo kidogo sana.

Fundi aliyeifungua alikuta nini? Katika nakala nyingi za miaka ya 1990 na baada yake, chipu haikuwa na namba wala jina. Maikroprosesa pamoja na sehemu yake ya sauti, na chipu ya picha, vilikuwa vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, kisha vikafunikwa kwa tone la gundi nyeusi juu ya bodi. Hapakuwa na namba ya kutafuta kitabuni. Kwa fundi huyo mashine nzima, tangu amri ya kwanza hadi ya 256, ilikuwa haijaandikwa.

Ndiyo maana naona habari hii, ambayo kwingineko ni shughuli ya wapenzi wa kompyuta za kale, kwetu ina uzito wa aina yake. Historia ya amri zisizotajwa inaonyesha jinsi mtu asiye na mwongozo anavyoweza kuijua mashine kwa yakini, wakati mwingine kuliko aliyenao. Inaonyesha pia kwamba ujuzi huo huwafaa wengine pale tu unapoandikwa.

Tuanze na jinsi zinavyotokea, maana watu wengi hudhani kuna mhandisi aliyezificha. Katika 6502 hapakuwa na mtu wa kuzificha. Baiti ya amri inapoingia, hupitishwa katika jedwali la transista lenye mistari 130. Kila mstari hutazama baadhi tu ya biti za baiti hiyo, na biti zilizobaki hauzijali. Mstari ukiona mpangilio wake, unawasha kazi yake: soma kumbukumbu, peleka kwenye rejista A (rejista ni kisanduku kidogo cha kuhifadhia namba ndani ya chipu), ongeza moja, na kadhalika. Mbunifu alihakikisha kwamba baiti 151 alizozikusudia zinawasha mistari inayopatana. Baiti zilizobaki aliziacha, kwa sababu kuweka transista za kuzizuia kungekula nafasi, na nafasi kwenye silikoni ndiyo bei ya chipu. 6502 nzima ilikuwa na transista 3,500 hivi. Dola 25 hazikupatikana kwa bahati.

Matokeo yake yana mpangilio wa kupendeza. Biti mbili za mwisho za baiti hugawa amri katika makundi. Kundi linaloishia na 01 ndilo lenye amri za rejista A, na kundi linaloishia na 10 lina amri za rejista X pamoja na amri za kusogeza biti. Kundi la 11 mwongozo haukulitumia. Sasa chukua baiti A5, kwa hesabu ya heksadesimali: inasoma kumbukumbu na kuijaza rejista A. Baiti A6 inasoma kumbukumbu na kuijaza rejista X. Baiti A7, ambayo haimo mwongozoni, inaishia na 11, kwa hiyo mistari ya makundi yote mawili inawaka kwa pamoja, na chipu inajaza A na X kwa mpigo mmoja. Waliokuja kuitumia waliiita LAX. Vivyo hivyo 85 inahifadhi A, 86 inahifadhi X, na 87 inazipeleka zote mbili kwenye basi ya data, yaani nyaya zinazobeba data, kwa wakati mmoja. Waya mmoja ukibebeshwa thamani mbili, sifuri ndiyo inayoshinda, kwa hiyo kinachohifadhiwa ni zile biti tu ambazo ni 1 katika rejista zote mbili. Hakuna aliyekaa akaibuni amri hiyo, na bado inafanya kazi sawasawa kila unapoiita.

Anayelijua lango la Ruvuma ataelewa haraka. Ramani ya bahari huonyesha mkondo uliopimwa, lakini maji kujaa hujaza kila penye bonde kati ya mafungu ya mchanga na mikoko, na nahodha wa mashua wa Msimbati hupita mahali ambapo mpimaji hakuchora kitu. Njia hizo zipo kwa sababu ya umbo la ardhi, na amri ya A7 ipo kwa sababu ya umbo la jedwali.

Si zote zinazofaa. Baiti 12 kati ya zile 105 huigandisha 6502 kabisa, na hakuna kinachoirudisha ila kuwashwa upya. Nyingine zina tatizo baya zaidi kwa fundi, nalo ni kutotabirika. Baiti 8B ndiyo mfano maarufu. Inachanganya rejista A, rejista X na thamani iliyofuata amri, lakini jawabu lake hutegemea chipu yenyewe, hutegemea joto, na hutegemea volti za umeme unaoingia, kwa kuwa ndani yake saketi mbili zinavutana juu ya waya mmoja na mshindi hana uhakika. Aliyeipima London katika chumba baridi na kuandika jawabu lake amesema kweli juu ya chipu yake siku ile. Hajasema lolote juu ya chipu iliyo Mtwara mwezi Februari. Kabla gesi ya Mnazi Bay haijaanza kutumika kuzalisha umeme wa mkoa mwishoni mwa 2006, mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na kila mwenye redio au friji alijua umeme kupungua na kupanda maana yake nini. Sehemu kama hiyo ndiyo inayofichua tabia za chipu ambazo maabara yenye kiyoyozi haitaziona.

Zipo pia amri zilizofichwa kwa makusudi, na hapa hukumu yangu ni kali zaidi. Mwaka 1976 Intel ilitoa 8085. Mwongozo wake ulieleza baiti 246 kati ya 256. Kumi zilizobaki hazikuwa ajali ya jedwali. Zilikuwa amri kamili, zilizobuniwa na kujengwa: kutoa namba ya biti 16 kutoka katika nyingine kwa hatua moja, kuhifadhi jozi ya rejista mahali panapoelekezwa na jozi nyingine, na kadhalika, pamoja na viashiria viwili, yaani biti za kuonyesha hali ya matokeo, ambavyo mwongozo haukuvitaja. Watu wawili waliokuwa Ujerumani Magharibi, Wolfgang Dehnhardt na Villy Sorensen, walizichunguza moja baada ya nyingine na kuchapisha matokeo katika jarida la Electronics, Januari 1979. Sababu ya kufichwa ilielezwa baadaye na waliokuwa ndani ya Intel: kampuni ilikuwa inaandaa chipu kubwa zaidi, 8086, na kila amri iliyotangazwa katika 8085 ingekuwa deni la kulipwa huko mbele. Basi wateja walinunua silikoni yenye uwezo, wakanyimwa habari za uwezo huo kwa ajili ya mipango ya bidhaa nyingine. Naielewa hesabu ya kibiashara iliyofanywa, lakini siioni kuwa haki kwa mnunuzi. Nayo chipu hiyo haikupita haraka: wanafunzi wa vyuo vya India, wakiwamo Watanzania wengi waliosomea huko, waliendelea kufundishwa 8085 kwa miongo kadhaa.

Motorola nayo ina kisa chake. Katika 6800, chipu iliyotoka mwaka 1974, baiti 9D na DD huifanya chipu isome anwani moja baada ya nyingine bila kikomo, kama mtu anayehesabu na hajui kuacha. Gerry Wheeler alizieleza katika jarida la Byte la Desemba 1977, na jina la utani la amri hizo, la kuigandisha mashine hadi ishike moto, likavuma kuliko chipu yenyewe. Hakuna moto unaowaka. Tabia hiyo inafaa kupimia kama nyaya zote za anwani zinapiga, yaani katika mkono wa fundi ni kifaa cha uchunguzi.

Tazama tarehe hizo: 1974, 1975, 1977, 1979. Wapekuzi wa miaka hiyo wengi hawakuwa wahandisi wa viwanda vikubwa. Walikuwa walimu, wanafunzi na watu wa maabara ndogo, wenye kompyuta ya bodi moja kama KIM-1 iliyouzwa dola 245, waliojaribu baiti zote 256 jioni baada ya kazi na kupeleka walichokiona majaridani. Tanzania katika miaka hiyo ilikuwa wapi? Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka huohuo ndio Intel ilitoa 8080, chipu iliyofungua njia ya kompyuta ya mtu mmoja mmoja.

Marufuku hiyo ilikuwa na sababu, na sitaki kuibeza. Mfumo wa hesabu za serikali uliowekwa kwenye kompyuta ulikuwa umevuruga hesabu zenyewe, nchi ilitegemea wageni kuuendesha, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Kiongozi anayeona fedha zinakwenda na hesabu haziji ana haki ya kusimamisha. Lakini marufuku ile iliyalenga makabati makubwa ya Hazina, ikavikumba na vitu vidogo ambavyo ndiyo kwanza vinazaliwa. Ilianza kulegezwa miaka ya 1980, wakati kizazi cha kwanza cha wapekuzi kilikuwa kimeshamaliza kazi yake. Nadhani hasara yetu kubwa haikuwa kukosa mashine, maana mashine ziliingia hata hivyo, ndani ya vikokotoo, mashine za ofisini na baadaye gemu za kaseti. Hasara ilikuwa kukosa ile miaka mitano ambapo kijana wa kawaida angeweza kuishika maikroprosesa, kuiuliza maswali yote 256, na kuona jina lake likichapishwa kwa sababu amegundua jambo ambalo kampuni haikulisema.

Nakala nazo zina mambo yake, na hapo sisi wa pwani ndio tulio karibu zaidi na ushahidi. Aliyenakili Famicom hakuwa na michoro ya ndani ya Ricoh. Alinakili kwa kupima na kukisia. Katika chipu nyingi za nakala, sauti mbili za mawimbi ya mraba zina kosa moja linalojulikana: mpangilio wa robo na ule wa nusu umebadilishana nafasi. Gemu inachezeka vilevile, lakini muziki una ladha nyingine, na mtu aliyekulia kwenye nakala akisikia mashine halisi ya Nintendo ataona hiyo halisi ndiyo iliyokosewa. Ujerumani Mashariki ilinakili Z80 ya Zilog kwa jina la U880, ikafanya kazi karibu sawa na mama yake isipokuwa kiashiria kimoja baada ya amri moja ya kutoa data. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotumiwa na programu hadi leo kutambua kama imewekwa juu ya Z80 au U880. Z80 yenyewe, kazi ya Federico Faggin na Masatoshi Shima iliyotoka 1976, ina pengo lake mashuhuri: amri saba za kusogeza na kuzungusha biti zimetajwa, na mahali pa ya nane pameachwa wazi. Ukiiita hiyo ya nane, inasogeza biti kushoto na kuweka 1 upande wa kulia. Waliopanga mwongozo waliona heri kuiruka.

Wanaotumia amri hizi wameumia pia. Kampuni ya Western Design Center ilipotengeneza 65C02, toleo jipya la 6502, baiti zote zisizotajwa zilizobaki ziligeuzwa kuwa amri zisizofanya kitu. Programu zilizotegemea LAX na wenzake zikavunjika kwenye kompyuta za Apple zilizotumia chipu hiyo. Kampuni haikuvunja ahadi, kwa kuwa haikuwahi kuitoa. Kwa hiyo ninaposema fundi azijue amri hizi, sisemi aziweke katika kila kazi. Nasema ajue zipo, ajue zinafanya nini kwenye chipu iliyo mbele yake, na aandike alikozitumia, ili atakayekuja baada yake asipoteze wiki nzima akitafuta ubovu ambao haupo.

Wala hili si jambo la mashine za kale tu. Mwaka 2017 Christopher Domas alionyesha programu inayopekua prosesa za kompyuta za kisasa kutafuta amri ambazo miongozo yake haikuzitaja, akazipata. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba katika baadhi ya chipu za VIA C3, amri isiyojulikana na wengi ingeweza kuipa programu ya kawaida mamlaka juu ya mashine nzima. Leo nyumba ya Mtwara ina mita ya LUKU ukutani, simu mfukoni na kidhibiti cha sola juu ya paa, na kila kimoja kina maikroprosesa ndani. Mwenye nyumba amepewa namba chache za kubonyeza. Siwatuhumu watengenezaji wa vifaa hivyo. Nasema tu kwamba tunahitaji watu miongoni mwetu wanaoweza kuthibitisha kilichomo, badala ya kuamini boksi.

Watu hao hawatatoka mbali. Mtwara ina shule ya sekondari ya ufundi, ina chuo cha VETA, na ina mafundi mitaani ambao kwa miaka wamekuwa wakitengeneza vitu visivyo na karatasi. Mafundi wetu wanajua mengi, na mengi hayo yanakufa nao. Fundi hugundua kwamba bodi ya aina fulani hufufuka ukigusisha pointi mbili, akamwonyesha kijana wake mmoja, na kijana akihamia Dar es Salaam, Mtwara imerudi mwanzo. Wapo wanaoficha kwa makusudi ili wateja wasiende kwa jirani. Sina ugomvi na mtu anayelinda riziki yake, ila naona kwamba Dehnhardt na Sorensen wangeficha kumi zao, mimi na wewe tusingezijua, na Intel ingebaki na siri yake.

Kazi yenyewe haihitaji maabara ya mamilioni. 65C02 bado inatengenezwa na kuuzwa, na ingawa baiti zake zisizotajwa hazifanyi kitu, inafaa kujifunzia njia. Mwaka 2024 Zilog ilitangaza kusitisha Z80 ya muundo wa zamani, lakini zilizokwisha tengenezwa ni nyingi mno. 6502 za asili hupatikana ndani ya kompyuta na mashine za gemu zilizokufa skrini au kaseti, huku chipu ikiwa nzima. Unaijaza kila rejista thamani unayoijua. Unaiita baiti moja isiyotajwa. Unahifadhi rejista zote na viashiria, unalinganisha kabla na baada, kisha unarudia kwa thamani nyingine hadi kanuni ionekane. Chipu ikiganda, unaiwasha upya na kuiandika baiti hiyo katika orodha ya zinazogandisha. Mwaka 2009 kundi la Visual 6502 lilipiga picha silikoni ya 6502, likachora kila transista, na sasa unaweza kulinganisha ulichokipima mezani na mwenendo wa mchoro wao.

Kwa zile zisizotabirika, kama 8B, karatasi ya vipimo iwe na namba iliyo mgongoni mwa chipu pamoja na tarehe ya kutengenezwa, volti zilizopimwa miguuni mwake wakati ule, joto la chumba, na jawabu kwa kila thamani iliyojaribiwa. Iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe pale wanafunzi wanapoisoma, na vipimo virudiwe saa nane mchana wa Februari na alfajiri ya Julai wakati wa kusi, kwa chipu ileile.